Uliza Fundi: Gitaa langu limeingia ukungu mweupe

Sijui mmeambiana aje mwezi huu, maswali ya viti na makabati yamepungua na ya gitaa yamejaa, na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, ile polishi ya shelaki (utomvu mkavu wa mdudu, nimeieleza zaidi chini) inayosuguliwa kwa mkono na kitambaa, frenchi polishi. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu lina shida za kila mtu ndani yake, hayo mengine nitapita haraka.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nimejitengenezea gitaa la klasiki nyumbani, la nyuzi za nailoni. Uso ni sprusi, ile mbao nyeupe laini, niliyoagiza kutoka nje, mgongo na mbavu ni mahogani ya soko la Gikomba. Nilitaka kumalizia kwa mkono vile wanafanya mafundi wa Uhispania, nikapata shelaki ya vipande, nikaiyeyusha na spiriti ya vidonda ile ya chemisti, nikawa napaka usiku nikitoka job. Sasa uso umeingia ukungu mweupe, kitambaa kinanata na kuacha nyuzinyuzi, na mgongo bado una vishimo vidogo vidogo hata nipake aje. Rafiki yangu ananiambia nikwangue yote nimpelekee jamaa wa kupiga sprei Ngong Road. Nimechoka kabisa. (Msomaji, Githurai)

JIBU: Kwanza weka hicho kitambaa chini, funga chupa, na usikwangue kitu. Hakuna kitu umeharibu hapo ambacho hakirudi. Shelaki iliyokauka ukiipitishia spiriti inalegea tena, kwa hivyo koti mpya inaingiana na ya chini inakuwa ngozi moja, na makosa ya jana unaweza kuyarekebisha leo bila kugusa mbao. Vanishi za kisasa haziko hivyo, zile zikishakauka zimekauka.

Shida yako ya kwanza ni ile spiriti. Spiriti ya vidonda si spiriti tupu, wanaiwekanga mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi ya mgonjwa, na mafuta ya mbarika hayakauki hata ungoje mpaka Krismasi, yanabaki ndani ya polishi yakiifanya laini na ya kunata. Zingine za chemisti zimeandikwa asilimia 70, hiyo ingine karibu yote ni maji, na maji na shelaki hawaelewani. Sanitaiza nayo hata usiniulize. Unachotaka ni methiletedi spiriti ya hardware, na ukiweza kupata ethanoli ya asilimia 99 kwa wauzaji wa kemikali hiyo ndiyo bora zaidi, chukua chupa ndogo na uifunge vizuri kila mara juu spiriti inavuta maji kutoka kwa hewa, chupa ikikaa wazi wiki nzima hiyo si spiriti uliyonunua. Methiletedi ina methanoli ndani, ile ile ya pombe ya sumu ambayo imeua na kupofusha watu hapa kwetu, kwa hivyo vaa glavu, fungua dirisha, watoto wasiikaribie. Na tafadhali jiko lisiwe kwa hiyo nyumba ukifanya kazi, moshi wa spiriti unashika moto kabla hujajua ni nini kimetokea.

Ile shelaki uliyoyeyusha na hiyo spiriti mwaga, inauma lakini mwaga. Yeyusha mpya, gramu 120 kwa nusu lita. Kwa zile video utasikia wakisema paundi mbili, wanamaanisha paundi mbili za shelaki kwa galoni moja ya Marekani, ukipiga hesabu ni kama gramu 240 kwa lita, ni kipimo hicho hicho. Twanga vipande viwe unga kwanza, weka kwa chupa ya glasi, tikisa kila ukipita hapo, lala, asubuhi chuja na soksi ya nailoni. Usichanganye galoni nzima ati utafanya nyingine mwaka ujao. Shelaki ikishaingia kwa spiriti inaanza kuzeeka polepole, baada ya miezi sita hivi inakataa kukauka sawasawa. Ukiwa na shaka dondosha tone moja kwa kioo, kesho yake bonyeza na ukucha, ikibonyea hiyo ni ya kutupa.

Sasa ukungu. Ulipaka usiku na mvua inanyesha. Spiriti ikipaa inabeba joto la ubao, uso unapoa kuliko hewa ya chumba, unyevu unajikusanya pale juu na shelaki inaufungia ndani kabla haijashika. Huo weupe ni maji, si uchafu. Nairobi mwezi wa nne na wa tano, na tena mvua za mwezi wa kumi na moja, fanya hii kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa hivi siku ambayo jua limetoka, na kama mawingu yamekaa tu basi fanya kitu kingine siku hiyo. Ndio najua uko job mchana. Wikendi ziko, na gitaa halina haraka.

Kuondoa uliopo: liache gitaa siku tatu nne mahali pakavu, halafu siku ya jua chukua kitambaa kisafi, kiwekee spiriti kidogo sana, tone la shelaki mpya, na upite juu ya ule weupe haraka haraka bila kubonyeza, mara moja mbili uache. Unafungua mlango maji yatoke. Mara nyingi unaisha hapo hapo ukiangalia. Kwa sababu chini yake kuna ile yenye mafuta ya mbarika, mimi ningeenda mbali kidogo, ningepangusa hiyo yote na vitambaa vya spiriti, kipande kidogo kwa kipande kidogo, ukibadilisha kitambaa kila kikichafuka, mpaka ubaki na mbao iliyokunywa shelaki kidogo tu. Angalia usivute rangi nyekundu ya mahogani ukaipeleka kwa sprusi nyeupe. Pale kandokando mbao mbili zinapokutana, na kwa lile pambo la kuzunguka tundu, pakia shelaki na brashi ndogo ya kuchorea kwanza uache ikauke, ndio rangi zisitembee.

Kitambaa sasa. Hapa ndio watu wengi wanapotea na sio kwa sababu ni ngumu, ni kwa sababu wanataka kumaliza. Ndani weka soksi ya sufu au pamba iliyofungwa iwe saizi ya yai, nje weka kipande cha shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa mpaka imechoka, ya mtumba ni nzuri kuliko ya duka kwa sababu ile ya duka bado ina wanga na inatoa manyoya. Nyeupe, tafadhali, sio leso ya maua, spiriti itavuta rangi yote. Kaza nyuma kwa vidole hadi pale mbele pawe laini bila mkunjo hata mmoja, mkunjo mmoja ni mstari mmoja kwa gitaa lako. Shelaki unaiweka ndani, kwa ile soksi, sio kuchovya nje. Halafu gonga kwa karatasi. Unataka kitambaa kiwe na unyevu wa kile cha kupakia mafuta kwa chapati, yaani kinapaka lakini hakiachi dimbwi. Weka tone moja la mafuta ya zeituni pale mbele kwa ncha ya kidole. Moja. Hayo mafuta hayafanyi gitaa ling'ae, kazi yake ni kufanya kitambaa kiteleze kisikwame, na baadaye utayatoa yote.

Ukianza kusugua, ingia kwa ubao mkono ukiwa tayari unasonga na utoke bado unasonga, usitue na kusimama, ukisimama hata sekunde kitambaa kinashika na kinang'oa ulichoweka, ndio hizo nyuzinyuzi zako. Zunguka miduara midogo, baadaye mikubwa, baadaye nambari nane, mwisho pita moja kwa moja na urefu wa mbao. Angalia nyuma ya mkono wako. Ukifanya sawa utaona kivuli cha mvuke kinafuata kitambaa na kupotea sekunde moja mbili hivi. Hicho kivuli kikikosekana kitambaa kimekauka, kikikaa sana umelowesha. Mimi huwaambia vijana waache kuangalia mng'ao, waangalie hicho kivuli tu, mng'ao utakuja wenyewe.

Kitambaa kikianza kuvuta, acha. Usiongeze. Enda mgongo, enda mbavu, rudi kesho. Ukimaliza siku, kitambaa kikae kwa kijichupa cha mfuniko na matone ya spiriti.

Vile vishimo vya mgongo ni matundu ya mahogani yenyewe, mahogani iko wazi, sprusi haina hiyo shida. Hutayajaza na shelaki peke yake, utapaka mpaka uchoke, inakauka inadidimia unarudi pale pale. Mafundi wa kitambo walitumia unga wa jiwe la pamisi uliosagwa sana, wananyunyiza kidogo tu, wanasugua na kitambaa chenye spiriti na shelaki kidogo, ule unga unakwaruza mbao kidogo unachanganyika na vumbi lake na kuziba matundu, na kwa sababu shelaki imeulowesha hauonekani mweupe. Pamisi iko tele huko Longonot, hiyo isikudanganye, usisage lile jiwe la kusugulia miguu ukaweka kwa gitaa, chembe moja kubwa inatosha kukuchorea mstari wa kukuliza. Kama hujapata ile laini ya dukani, fanya hivi: mwaga shelaki kidogo kwa mgongo, sugua na msasa wa 400 ikiwa bado mbichi, tope litakalotokea ni vumbi la mbao yako yenyewe, lisukume liingie kwa matundu kwa kukata njia ya mbao, acha likauke siku mbili, rudia. Rangi inalingana yenyewe. Kwa uso usijaribu, uso wa sprusi ni laini na vumbi litauchafua.

Ukishapata ngozi iliyojaa, acha wiki. Halafu msasa wa 600 au 1000 na tone la mafuta, polepole sana, ondoa vilima tu, taa ya simu uiweke kando imulike kwa mlalo utaviona vyote. Kona na kingo usiguse karibu, huko ndiko watu hutoboa hadi mbao. Rudi na kitambaa siku mbili tatu, shelaki nyembamba nusu ya kipimo cha kwanza. Mwisho kabisa kitambaa kipya, spiriti karibu hakuna, unapita ukifuata mbao kuondoa yale mafuta. Ukibonyeza hapo umeharibu, pita kwa uzito wa kitambaa tu.

Kuhusu jamaa wa sprei: kazi yake ni nzuri kwa wadrobu. Yeye amezoea sila koti mbili, klia koti tatu, mbao inakuwa na ngozi nene inayong'aa na mteja anafurahi. Uso wa gitaa la klasiki una milimita mbili hadi mbili na nusu, huo ndio spika yako, unatakiwa kutetemeka na nyuzi za nailoni ambazo hazina nguvu ya zile za chuma. Ukiuvalisha koti nene unakuwa mzito na sauti inajifungia ndani. Kuna watengenezaji wakubwa wanaopiga lacquer nyembamba (ile polishi inayoyeyuka na thina) kwa sprei na gitaa linaimba vizuri, sikatai, lakini wao wanapima, na huyo wa Ngong Road hajawahi kuambiwa apime.

Kwa waliouliza pembeni hii shelaki ni nini hasa: ni utomvu wa mdudu mdogo sana, Kerria lacca, anayekaa kwa matawi ya miti huko India na Thailand, watu wanakwangua matawi, wanayeyusha, wanachuja. Peremende zinazong'aa na vidonge vya dawa vingi vimepakwa hiyo hiyo, na zile santuri za zamani za kuzunguka 78 kwa dakika, ambazo ukiangusha zinapasuka, zilitengenezwa nayo pia. Kwa hivyo babu yako alikuwa anasikiza shelaki.

SWALI: Fundi mwenzangu, mimi ni seremala, natengeneza samani na frenchi polishi napaka miaka mingi, kwa brashi, na rangi ya mahogani ndani. Mteja ameniletea gitaa la zamani anataka lirudi vile lilikuwa. Naweza kutumia ile ile yangu? (Fundi, Kariobangi)

JIBU: Mkono unao tayari, hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kujizuia. Usiweke rangi kwa uso, sprusi inakunywa kwa madoamadoa na hutaitoa tena. Usitumie brashi isipokuwa pale kwa kona ya shingo na mwili ambapo kitambaa hakifiki. Ile polishi ya kopo iliyochanganywa kitambo usiitumie, changanya yako, na ukipata shelaki iliyotolewa nta chukua hiyo, inakuwa safi zaidi na inavumilia unyevu kidogo. Kama umepata tu ya kawaida, iache kwa chupa siku kadhaa bila kutikisa, nta itashuka chini nyeupe nyeupe, mimina ile ya juu polepole.

Lakini kabla ya yote jua kama kilichoko hapo ni shelaki. Chukua pamba ya masikio, weka spiriti, gusa mahali pamejificha, mfano pale kisigino cha shingo. Ikilegea na kunata ni shelaki, endelea. Ikilegea na thina lakini si spiriti ni lacquer, na kama hakuna kinachoigusa ni ile ya plastiki ya kiwandani, hiyo mrudishie mteja umwambie ukweli. Na ukiona ni gitaa la zamani kweli lenye lebo ndani ya tundu, la mkono, soma lebo kabla hujagusa chochote. Kupangusa polishi ya kwanza ya gitaa la thamani ni kumkata mteja pesa, hata kama yeye mwenyewe ndiye amekuomba.

SWALI: Nishamaliza kupolisha, briji (kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi) bado. Nigundishe juu ya polishi ama? Inang'aa sana naogopa kuikwangua. (Msomaji, Rongai)

JIBU: Ikwangue. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa zinavuta karibu kilo 40 zote pamoja, na huo mvuto wote uko kwa briji. Gundi ikishika polishi, polishi ndiyo inashikilia mbao, na siku moja ya joto utasikia mlio mmoja tu na briji iko sakafuni na kipande cha ngozi. Pima mahali briji inakaa mara mbili mara tatu, kutoka kwa nati, kile kijiti cha juu shingoni nyuzi zinapopita, hadi kwa tandiko, kile kijiti cha briji zinapolalia, zungushia tepu ya karatasi, pitisha wembe mpya kwa ndani ya mstari kama milimita moja, mkono mwepesi, unakata polishi sio mbao, ukikata nyuzi za sprusi hapo umetengeneza mahali pa kupasukia. Kwangua mpaka mbao tupu, gundisha ndani ya saa hiyo hiyo, funga kwa klempu na uache siku nzima kabla ya nyuzi. Wanaoanza wafunike hapo na tepu kabla ya kupaka hata tone la kwanza, hii kazi yote hawataifanya.

SWALI: Fundi shikamoo. Gitaa la kijana wangu lilipolishwa kwa mkono, miezi miwili sasa, na pale mkono wake unapolala panakuwa pakavu hapang'ai tena, hata pananata kukiwa na joto. Ni polishi mbaya? Ninalipangusa kila jioni na zile tishu za sanitaiza. (Mama wa mwanamuziki, Buruburu)

JIBU: Marahaba mama. Hizo tishu ndizo zinakula polishi. Nyingi zina spiriti ndani, na nilivyosema kule juu, spiriti inaifungua shelaki hata ikiwa imekauka miaka. Ficha pakiti kabisa. Kila jioni kitambaa kikavu cha pamba, na pakiwa pamechafuka lowesha kwa maji kidogo, kamua, pangusa, kausha hapo hapo.

Jasho nalo halipatani na hii polishi, hakuna fundi anaweza kukuahidi vingine, ndio maana wachezaji wengi wa klasiki huweka kitambaa au mkono mrefu wa shati kati ya kiwiko na gitaa. Mwambie avae shati ya mikono mirefu akifanya mazoezi, basi. Shingo ikianza kunata hivyo hivyo, hapo fundi anaweza kutoa shelaki ya shingo peke yake akapaka mafuta ya linsidi ya kuchemshwa, koti tatu nne nyembamba, mkono unateleza vizuri na sauti haibadiliki. Vile vitambaa vya linsidi avianike wazi nje vikauke, asivirundike kwa kona, vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka.

Pale pamekuwa pakavu si lazima gitaa zima lirudiwe. Mwambie fundi aliyefanya apangushe na apitishe kitambaa chenye shelaki mpya hapo tu, inaingiana na ya chini, ni kazi ya asubuhi mbili. Na gitaa lisiachwe ndani ya gari Jumapili mkiwa kanisani, shelaki inalainika kwa joto na litatoka na alama za kitambaa cha kesi mgongo mzima.